Shahidi wa Marehemu: Filamu Mbili za Werner Herzog

Marehemu hana kinywa cha kujitetea. Mtu akifa, neno lake hukoma, na tangu siku hiyo habari zake huwa mikononi mwa wale aliowaacha nyuma. Mjane huwa na fungu lake, mtoto na lake, rafiki na lake, na adui naye hakosi lake. Kisha yule mwenye sauti kubwa kupita wenziwe ndiye asikilizwaye na walimwengu. Zamani sauti kubwa ilikuwa ya mtunga tenzi na ya mwandishi wa tarikhi. Karne ya ishirini ilileta sauti ya tatu, inenayo na jicho na sikio kwa wakati mmoja, nayo ni filamu ya mambo ya kweli. Mtazamaji wa filamu hiyo huuona uso wa marehemu ukicheka na kukasirika, huisikia sauti yake, akatoka ukumbini akidhani kwamba sasa amjua. Insha hii yauliza swali moja juu ya dhana hiyo: mwongozaji mkongwe wa filamu asimuliapo habari za mwenzake aliyefariki, ushahidi wake wafaa kupokewa kwa kipimo gani?

Swali ni pana na mifano ni mingi; afadhali tushike mmoja tuuchungue. Werner Herzog alizaliwa Munich, Ujerumani, tarehe 5 Septemba, 1942, akalelewa katika kijiji cha Sachrang, milimani, karibu na mpaka wa Austria. Filamu yake fupi ya kwanza aliitengeneza mwaka 1962 akiwa kijana wa miaka 19 au 20, na tangu hapo akafuatisha nyingine kwa makumi, za hadithi na za mambo ya kweli. Miongoni mwa hizo za mambo ya kweli ziko mbili zinazohusu watu aliowafahamu kwa karibu. Ya kwanza ilitoka mwaka 1999, nayo yaitwa Mein liebster Feind, maana yake Adui Wangu Mpenzi. Ni habari za Klaus Kinski, mchezaji wa sinema aliyekuwa na sifa kubwa na hasira kubwa zaidi. Ya pili ilitoka mwaka 2019, nayo yaitwa Nomad. Ni habari za Bruce Chatwin, msafiri na mwandishi wa Kiingereza. Baina ya filamu hizi mbili ipo miaka 20, na mtengenezaji ni yule yule. Kwa hiyo mtu aziwekapo pamoja hupata nafasi adimu: amwona shahidi mmoja akitoa ushahidi mara mbili, juu ya marehemu wawili, katika umri mbalimbali.

Tuanze na namna Herzog alivyowajua watu hawa. Kinski alizaliwa mwaka 1926 katika mji wa Zoppot, ambao leo ni Sopot ya Poland. Herzog alimwona kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 13, wakati mama yake na watoto wake walipokuwa wakikaa katika nyumba ya wapangaji huko Munich. Kinski, ambaye wakati ule hakuwa na fedha, alikuwa mmoja wa wapangaji. Herzog asimulia kwamba siku moja mtu yule alijifungia katika chumba cha kuogea, akavunjavunja kila kilichokuwamo kwa muda wa siku mbili. Miaka mingi baadaye kijana yule, ambaye sasa alikuwa mwongozaji, alimwita Kinski kazini kwa hiari yake mwenyewe, akijua amwita nani. Kwa pamoja walifanya filamu tano: Aguirre mwaka 1972, Nosferatu na Woyzeck mwaka 1979, Fitzcarraldo mwaka 1982, na Cobra Verde mwaka 1987. Kinski alifariki Novemba 1991, huko California.

Chatwin alikuwa mtu wa namna nyingine. Alizaliwa Sheffield mwaka 1940, akafanya kazi katika nyumba ya mnada ya Sotheby's huko London, akaiacha, akaenda kusoma elimu ya mambo ya kale huko Edinburgh, nayo akaiacha. Kitabu chake cha kwanza, In Patagonia, kilitoka mwaka 1977. Asili yake ilikuwa kipande cha ngozi yenye manyoya kilichokaa katika kabati ya nyanya yake. Mtoto yule aliamini kuwa ni ngozi ya mjusi mkubwa wa kale. Kwa kweli ilikuwa ya mnyama mwingine aliyetoweka duniani, aitwaye milodoni, na ilitoka katika pango moja kusini mwa Chile. Herzog na Chatwin walikutana Australia mwaka 1983, na jambo lililowaunganisha mara moja lilikuwa miguu. Wote wawili waliamini kwamba nchi haijulikani ila kwa kutembea. Mwishoni mwa mwaka 1974 Herzog alikuwa amekwenda kwa miguu kutoka Munich mpaka Paris wakati wa baridi, kwa sababu aliambiwa kwamba mwanahistoria wa sinema, Lotte Eisner, alikuwa mgonjwa mahututi, naye akajishikilia kwenye imani kwamba akifika kwa miguu mama yule hatakufa. Eisner aliishi mpaka mwaka 1983. Habari za mwendo ule Herzog alizichapisha katika kitabu kidogo, na Chatwin alikipenda kitabu kile.

Watu hawa watatu walikutana mahali pamoja, na mahali penyewe palikuwa Afrika. Mwaka 1980 Chatwin alichapisha riwaya juu ya mfanyabiashara wa watumwa kutoka Brazil aliyekaa Ouidah, katika nchi iliyoitwa Dahomey na ambayo leo ni Benin. Mfano wake ulikuwa mtu wa kweli, Francisco Félix de Souza, aliyefariki mwaka 1849. Herzog aliifanya riwaya hiyo kuwa filamu, Cobra Verde, akaipiga sehemu kubwa nchini Ghana, akampa Kinski nafasi ya mfanyabiashara huyo. Hasira za Kinski zilikuwa kali hata mpiga picha mkuu, Thomas Mauch, akaiacha kazi katikati. Chatwin, aliyekuwa amekwisha kushikwa na maradhi, alisafiri kwenda kuutazama utengenezaji ule, akaandika habari zake. Makala hiyo imo katika mkusanyiko wa maandishi yake uliotoka mwaka 1989. Baada ya filamu hiyo Herzog na Kinski hawakufanya kazi pamoja tena. Hivyo basi, msafiri na mchezaji walikuwa chini ya jua moja, na mwenye kamera akawatazama wote wawili. Katika miaka iliyofuata wao walitangulia kaburini, yeye akabaki, na kamera ikabaki mkononi mwake.

Sasa tuitazame filamu ya 1999. Yaanza na Kinski peke yake jukwaani mwaka 1971, akinena kana kwamba yeye ni Yesu, akigombana na watazamaji waliothubutu kumjibu. Halafu Herzog arudi katika nyumba ile ya Munich, ambayo sasa ina wenyeji wengine, watu wa adabu, naye awaonyesha mahali palipokuwa na chumba cha kuogea na kuwasimulia vituko vya zamani. Kisha aenda Peru, mahali zilipopigwa Aguirre na Fitzcarraldo. Twamsikia akieleza jinsi Kinski alivyotaka kuikimbia Aguirre kabla haijaisha, na jinsi yeye alivyomwambia kwamba akiondoka atampiga risasi. Uvumi ulioenea, kwamba aliiongoza filamu ile huku ameshika bunduki nyuma ya kamera, aukanusha. Twamsikia akisema kwamba wenyeji wa msituni walijitolea kumwua Kinski kwa niaba yake, na kwamba wenyeji hao hawakukiogopa kelele cha Kinski kama walivyouogopa ukimya wa Herzog mwenyewe.

Hapo msikilizaji mwenye uangalifu hana budi kusimama. Maneno haya yamesemwa na nani? Na yamsifu nani? Msimulizi ndiye mshindi wa kila ugomvi usimuliwao. Kinski katika kitabu cha maisha yake alimtukana Herzog matusi mazito. Lakini katika filamu Herzog asema kwamba baadhi ya matusi yale waliyatafuta pamoja, wakifunua kamusi, ili kitabu kipate wanunuzi. Huenda ndivyo ilivyokuwa. Lakini wa kuyathibitisha maneno hayo, au kuyakanusha, alikuwa na miaka 8 kaburini.

Wala Herzog hakuwa mtu wa kuficha kwamba auchezea ukweli. Mwaka ule ule wa 1999, huko Minneapolis, Marekani, alitoa tamko lenye vifungu kadhaa juu ya filamu za mambo ya kweli. Humo aliushambulia ukweli aliouita wa mhasibu, yaani ukweli wa kuhesabu mambo ya nje tu, akasema kwamba ndani ya sinema uko ukweli mwingine wa kina zaidi, usiofikiwa ila kwa ubunifu na kwa mtindo. Neno hili lina haki ndani yake. Mshairi naye hapimi bahari kwa pishi, na msomaji hamdai hesabu. Lakini mshairi husema tangu mwanzo kwamba atunga. Ushahidi juu ya mtu aliyekufa una madai yake, na mhasibu, ambaye Herzog amdharau, ana kazi moja njema: huuliza ni nani anayedai na hajalipwa.

Imo katika filamu hiyo sehemu moja ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote, ingawa hupita upesi. Mtu mmoja aliyekuwa miongoni mwa wachezaji wa Aguirre aonyesha kovu kichwani. Kinski alimpiga kwa upanga wakati wa kazi, na kofia ya chuma aliyovaa ndiyo iliyomwokoa. Kovu halina mtindo wala ubunifu. Ni hati iliyoandikwa juu ya mwili wa mtu, nayo yashuhudia kwamba hasira iliyowachekesha watazamaji katika masimulizi ilikuwa na makali. Filamu yaionyesha hati hii, halafu yaendelea na safari yake. Baadaye wachezaji wawili wa kike, Eva Mattes na Claudia Cardinale, wamtaja Kinski kwa upole na heshima. Na mwisho kabisa twamwona Kinski akicheza na kipepeo asiyetaka kumwacha, akatabasamu kama mtoto. Ndivyo mtazamaji aagwavyo. Aondoka na mtu mkali ambaye moyoni alikuwa mpole, na adui ambaye alikuwa mpenzi.

Mwaka 2013 kilitoka kitabu Ujerumani. Mwandishi wake alikuwa Pola Kinski, binti wa kwanza wa Klaus, naye mchezaji. Kitabu kiliitwa Kindermund, maana yake Kinywa cha Mtoto. Humo alieleza kwamba baba yake alimdhulumu kimwili kwa miaka mingi, tangu utotoni mpaka alipokuwa mwanamwali. Nastassja Kinski, binti mwingine wa Klaus na mchezaji mashuhuri, alimwunga mkono dada yake mbele ya watu. Baba hakuwapo kujibu, na jambo hili mwanahistoria hana budi kulitaja, kama tulivyolitaja juu ya Herzog. Lakini tazama tofauti iliyopo baina ya mashahidi hawa wawili. Mmoja alisema mapema, kwa kamera, na ulimwengu ukamshangilia. Mwingine alikaa kimya mpaka baba alipokuwa amekufa miaka 21 na zaidi, akasema kwa kalamu, na kusema kwake kulimgharimu jina la nyumba yake.

Sidai kwamba Herzog alijua mwaka 1999 akanyamaza. Sina haki ya kumtuhumu. Jambo nilitakalo ni dogo kuliko hilo, tena laelekea kazi ya watu wa vyuoni. Filamu ile ilikusanya mashahidi, wote wakiwa watu wa kazini: wachezaji, wapiga picha, wenyeji wa mahali pa kazi. Nyumbani kwa marehemu haikubisha hodi. Mwongozaji alimjua Kinski kama afisa amjuavyo askari wake vitani, akatuachia picha ya vita. Watazamaji ndio walioipokea kana kwamba ni picha ya mtu mzima, ndani na nje. Kosa hilo la kupokea ni letu kwa nusu. Na lilikuwa na madhara: hasira ilipopewa jina la kipaji, aliyeumizwa na hasira hiyo alikosa pa kuanzia kusema.

Yafaa hapa kukumbuka filamu nyingine, ili tupate kulinganisha. Mwaka 1984 Maximilian Schell alitoa filamu juu ya Marlene Dietrich, mmoja wa nyota wakubwa wa sinema wa karne yake. Mama huyo alikuwa hai, akikaa Paris, mbali na macho ya watu. Alikubali sauti yake inaswe, akakataa katakata uso wake kupigwa picha. Schell ikambidi atengeneze filamu kwa sauti ya mwanamke mzee, akiiweka juu ya picha za ujana wake. Na ndani yake twasikia wawili hao wakibishana, Dietrich akimkaripia mwongozaji wake na kuyapuuza maswali yake. Filamu ile ina upungufu wa wazi, lakini upungufu huo ndio heshima yake. Mhusika alikuwa na uwezo wa kusema hapana, na hapana yake yasikika mpaka leo. Klaus Kinski hakupata nafasi hiyo, Chatwin hakuipata, na mtoto wa Kinski hakuulizwa.

Sasa tuje kwa filamu ya 2019. Ilitengenezwa miaka 30 baada ya Chatwin kufariki huko Nice, Ufaransa, tarehe 18 Januari, 1989. Imegawanywa katika sura kama kitabu, na sura ya kwanza yaanza na ile ngozi ya kabatini. Herzog hapa ana umri wa miaka 76 au 77. Mapenzi yake kwa rafiki yake hayafichiki. Atuonyesha mkoba wa ngozi wa kubeba mgongoni ambao Chatwin, alipokuwa karibu kufa, alimwachia auchukue; asimulia jinsi alivyoukalia juu ya theluji aliposhikwa na tufani katika milima ya Patagonia; na jinsi alivyomwonyesha mgonjwa yule kitandani filamu yake mpya juu ya Wodaabe, wafugaji wa pembezoni mwa Sahara, akimwonyesha kidogo kidogo kadiri nguvu zake zilivyoruhusu.

Hata hivyo shahidi huyu wa pili, ambaye ni yule wa kwanza aliyezeeka, amejifunza kuuliza. Amemtafuta mjane, Elizabeth Chatwin, akamwacha aseme juu ya ndoa yao kwa namna yake mwenyewe. Amemtafuta Nicholas Shakespeare, aliyeandika maisha ya Chatwin kwa kuchunguza hati na kuwahoji watu, naye ni mtu ambaye hakupofushwa na urafiki. Amekwenda Australia ya kati, katika nchi ambayo Chatwin aliiandika katika The Songlines, kitabu cha mwaka 1987 kuhusu nyimbo za wenyeji wa asili ambazo ndani yake zimo njia, visima na sheria za nchi yao. Huko awahoji watu wenye ujuzi wa nyimbo hizo, na mtazamaji apata kufahamu kwamba ziko zisizopaswa kusikiwa na kila mtu.

Jambo hili ni zito, kwa kuwa Chatwin naye alikuwa mchezea ukweli. Huko Patagonia baadhi ya watu aliowaandika walilalamika kwamba hawakujitambua katika kitabu chake. Juu ya The Songlines alikiri mwenyewe kwamba ni hadithi. Kilipotajwa kushindania tuzo ya vitabu vya safari, aliomba kiondolewe kwa sababu hiyo. Hata ugonjwa wake aliufunika kwa hadithi, akiwaambia watu kwamba ameshikwa na kuvu adimu wa nchi za mbali, ilhali maradhi yenyewe yalikuwa UKIMWI, ambao miaka ile ulibeba aibu kubwa kwa mgonjwa na jamaa zake. Shakespeare amesema kwamba Chatwin hakusema nusu ya kweli. Alisema kweli na nusu juu yake. Hukumu hii yaweza kumfaa Herzog pia, na bila shaka ndiyo sababu moja ya urafiki wao.

Basi filamu ya pili ni bora kuliko ya kwanza? Kwa uzuri wa macho, kila mtu na achague. Kwa kipimo cha ushahidi, nasema ndiyo, na sababu haitokani na wema wa Chatwin kuliko Kinski. Sababu ni kwamba Herzog wa mwaka 2019 aliwaacha wengine wasimame penye nuru, wakiwamo waliojua asiyoyajua yeye. Filamu ya kwanza yasema: hivi ndivyo alivyokuwa. Ya pili yasema: hivi ndivyo nilivyomwona, na hawa nao walimwona hivi. Kauli ya kwanza ina nguvu ukumbini. Ya pili yaweza kustahimili kitabu kipya kitakachotokea kesho.

Hapo ndipo kilipo kipimo nilichokitafuta, nacho chaweza kuwekwa katika maswali matatu. Shahidi alisimama wapi, karibu au mbali, juu au chini ya mtu amsimuliaye? Habari yake yampa faida gani yeye mwenyewe? Na nani hakuulizwa? Swali la tatu ndilo gumu, kwa sababu asiyeulizwa haonekani katika picha, na jicho halitafuti kisichoonekana. Mwandishi wa historia amezoea kuyauliza maswali haya mbele ya barua na hati za serikali. Mbele ya filamu huyasahau, kwa kuwa uso wa mtu ukimtazama huona haya kuuhoji.

Wako wanaosema kwamba filamu ya Kinski isionyeshwe tena. Siafikiani nao. Ni hati ya thamani: yatuonyesha namna kazi kubwa ilivyofanywa, yatuhifadhia kovu la mtu wa Peru, na yatufundisha jinsi zama zetu zilivyomsamehe mtu kwa sababu alikuwa na kipaji. Kuificha ni kuuficha ushahidi juu yetu sisi wenyewe. Lakini mwalimu atakayeionyesha darasani na aweke juu ya meza ile ile kitabu cha mwaka 2013, wanafunzi wakione kabla taa hazijazimwa. Kisha filamu ifikapo kwenye kipepeo, wataweza kuutazama uzuri wake pasipo kudanganyika, wakijua kwamba nje ya picha ile alikuwapo mtoto, naye alikuwa na kinywa.